Tingatinga ya Morogoro Stores kwa jicho la fundi fremu

Mimi ni fundi fremu, Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Picha za Tingatinga, zile za wanyama na visa vya mtaani zinazochorwa kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, zinapopita mezani kwangu huwa nazijua mgongo kabla ya uso. Mteja anakuja na picha imeviringishwa na kufungwa mpira, anaikunjua akingoja nimsifie twiga wake, na mimi naigeuza kwanza. Rangi ikiwa imepenya na kuacha madoa ya mafuta upande wa nyuma, najua kitambaa hakikupakwa rangi ya chini. Pembeni kukiwa na matundu yenye kutu, najua kilipigiliwa kwa misumari ya bei poa, na hewa ya chumvi ya mji huu haina huruma na chuma. Nyuma kukiwa kukavu, kweupe, na jina la mchoraji limeandikwa kwa mkono, nauliza, "Hii umeitoa Morogoro Stores?" Mara nyingi naambiwa ndiyo.

Nimeona nipaandikie mahali penyewe, ambapo wachoraji wa Tingatinga wanachora na kuuza kwa ushirika wao, maana wenzangu wengi wa Dar wanapajua kwa jina tu, na wanaopita nje wanadhani ni pa Wazungu. Safari hii nilitumwa. Daktari wa meno, mteja wangu wa siku nyingi, amefungua kliniki Kijitonyama na ukuta wa chumba cha kusubiria umebaki mtupu. Akanikabidhi laki mbili na nusu na masharti mawili: picha isiwe ndogo, na isiwe na mnyama mwenye meno. Wagonjwa wake wengi ni watoto. Sasa hebu fikiria mtu anayekwenda Tingatinga akiwa amekatazwa simba na chui.

Kufika si kazi. Ni Oysterbay, Barabara ya Haile Selassie. Daladala za Masaki zinapita, mwambie konda "Morogoro Stores" atakushusha. Usitegemee sakafu ya marumaru na taa ya kumulika kila picha peke yake. Picha zimetundikwa, zimeegemezwa, zimelazwa, nyingine zimerundikwa kama nguo za mnadani, na katikati ya hizo picha watu wapo kazini. Harufu ndiyo inayokupokea. Ni rangi ya mafuta, ile ile ya kung'aa tunayopaka milango na mageti, na ukiwa na kifua kibaya kaa upande wa upepo.

Hapo ndipo panapotofautiana na duka. Dukani unaonyeshwa kitu kilichokwisha. Hapa unakikuta nusu. Mmoja amepaka kitambaa kizima rangi ya machungwa inayofifia kuelekea juu, ikawa njano, ikawa karibu nyeupe, na ameiacha ikauke. Jirani yake, ya jana imeshakauka, anaweka miili ya ndege, mweusi mtupu, bila jicho wala manyoya. Wa tatu ana ndege waliokwisha kauka na sasa anawatia madoa kwa ncha ya brashi nyembamba, doa baada ya doa, mkono haunyanyuki ovyo. Rangi ya mafuta haitaki haraka. Ukiweka nyeupe juu ya nyeusi mbichi unapata kijivu, na kijivu hicho hakifutiki. Ndiyo maana mchoraji mmoja anakuwa na picha tatu nne kwa wakati mmoja, anazungukia kama mama lishe mwenye majiko mengi. Mtu aliyezoea kusikia kwamba hizi ni "picha za haraka haraka za watalii" akae pale nusu saa, ataona ni nini kinachoitwa haraka.

Nilikaa zaidi ya hiyo nusu saa. Kijana aliyekuwa akitia madoa aliinua kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Endelea, sitaki kukuharibia mkono."

"Haharibiki, mzee. Unatafuta ya nyumbani au ya kuuza?"

"Ya hospitali. Ya watoto."

Akacheka, akanionyesha kwa mdomo upande wa ukutani. Kulikuwa na picha ya hospitali kweli. Wachoraji wa Tingatinga wana mtindo wao wa kuchora wodi: kuta zimeondolewa ili uone vyumba vyote kwa pamoja, huku mama anajifungua, kule mtu anachomwa sindano ya makalio, foleni imefika hadi barabarani, na muuza karanga hakosi. Hii ilikuwa na chumba cha meno. Mgonjwa kashikwa na watu wanne, daktari kaweka mguu kwenye kiti, koleo mkononi. Nilimpigia picha mteja wangu, nikamtumia kwa WhatsApp. Akajibu kwa sauti, anacheka hadi maneno hayatoki, kisha akasema, "Fundi, unataka kunifungia kliniki?"

Basi tukaiacha, ingawa mimi ndiyo iliyonikaa moyoni.

Mahali hapa palianza na mbuyu na duka la vyakula. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini. Mama Mkristo, baba Mwislamu, ndipo Edward na Saidi wakakaa kwenye jina moja bila kugombana. Alitoka kwao kijana, kama walivyotoka vijana wengi wa kusini enzi hizo, akafuata kibarua cha mashamba ya mkonge Tanga, halafu akaingia Dar es Salaam. Alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu na nyingine za kuungaunga; aliwahi kuwa mhudumu Muhimbili pia, na nikiziona hizi picha za wodi huwa nalikumbuka hilo. Mwaka 1968 akaanza kuchora, bila shule ya sanaa. Alikaa chini ya mbuyu karibu na Morogoro Stores, na mkewe, Agatha Mataka, akaziuza picha nje ya duka, ambako wakazi wa Oysterbay, wengi wao wageni, walikuja kununua mahitaji yao. Soko na karakana vilikuwa hatua chache tu, kitu ambacho wafanyabiashara wakubwa wanalipia pesa nyingi kukipata.

Kama fundi, mimi huvutwa na vifaa vyake. Alichora juu ya hardibodi, vipande vya mraba vya kama futi mbili kwa mbili, kwa rangi za kupakia baiskeli. Watu wa vitabuni wanaeleza umbo la mraba kwa maneno marefu. Mimi maelezo yangu ni ya useremala: bao la hardibodi linauzwa futi 4 kwa 8, na ukilikata mbili kwa mbili unapata vipande vinane kamili, hubakizi hata kimoja cha kutupa. Mtu mwenye pesa ya kuhesabu hawezi kukata vingine. Na rangi ya baiskeli ilikuwepo kila duka la vipuri, inakauka ngumu, inang'aa, haiogopi maji. Ukiangalia picha zake za mwanzo, mnyama mmoja katikati, nyuma rangi moja au mbili, kila kitu kimepakwa bapa, unaona namna kifaa kilivyomfundisha. Rangi ile haichanganyiki kwa upole, kwa hiyo hakuipa nafasi ya kuchanganyika.

Aliipata miaka minne tu ya kazi hiyo. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi hapa hapa Dar es Salaam, kwa kudhaniwa mhalifu. Alikuwa na miaka 40.

Kwa kawaida habari ingeishia hapo, na leo tungekuwa na hardibodi chache nyumbani kwa Wazungu waliozibeba kwao. Haikuishia kwa sababu alikuwa ameshakusanya watu, wengi ndugu na jamaa wa kusini, akawafundisha akiwa hai: January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo, Omari Amonde, Simon Mpata. Mpata alihamia Nairobi, na kule Maasai Mara kuna hoteli inayobeba jina lake. Waliobaki walirudi pale pale kwenye mbuyu. Walichora, wakafundisha wadogo zao na watoto wa dada zao, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wakajiandikisha rasmi kuwa chama cha ushirika. Hilo la ushirika msilipite haraka. Maana yake ni kwamba anayekuuzia ni mwenzake aliyechora, au ndiye mwenyewe, na nyumba ni yao. Ukiuliza "nani kachora hii?" hujibiwi kwa kubahatisha. Unaambiwa, "Yule pale, kavaa kofia," au "ametoka kuswali, mngoje."

Mwaka ule ule aliouawa Tingatinga, 1972, ndipo kituo kingine cha wasanii, Nyumba ya Sanaa, kilipoanzishwa na Sista Jean Pruitt, mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Mwaka 1983 ikapata jengo lake upande wa Upanga, na baadaye ikapewa jina la Mwalimu Nyerere. Wa rika langu tunaikumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 80 nilikuwa kijana wa kufagia vumbi la mbao kwa bosi wangu, na kupeleka fremu pale ilikuwa kazi tunayoigombania, kwa sababu ukifika unapita ndani: hapa wanachonga, hapa wanachapa kwenye kitambaa, pale wanapika chai, muziki upo. George Lilanga alianza kazi pale akiwa mlinzi wa usiku. Mlinzi! Halafu akawa yule Lilanga tunayemjua, mwenye mashetani ya masikio makubwa na matumbo ya mviringo, picha zake zikaenda Ulaya na Marekani hadi alipofariki mwaka 2005. Mimi hadithi hiyo huwasimulia vijana wangu wa kazi wanapolalamika kuhusu fagio.

Ile Nyumba ya Sanaa ya Upanga haipo tena. Kulikuwa na wafadhili, kulikuwa na jengo zuri kwenye kiwanja ambacho kila mwenye mtaji angekitamani. Kule kwenye mbuyu kulikuwa na watu wa ukoo mmoja na tini za rangi. Ukiniuliza mimi kipi kingedumu, mwaka 1985 ningekuambia Upanga bila kufikiri mara mbili, na nadhani mji mzima ungesema hivyo.

Yule daktari wangu alisoma Leeds, Uingereza, na ananisimulia kwamba kule halmashauri ya jiji ina nyumba yake ya sanaa. Ilifunguliwa mwaka 1888, inaendeshwa na halmashauri, na kuingia ni bure. Yeye anakiri hakuingia kwa mapenzi ya sanaa. Aliingia Januari kujipasha moto, kwa sababu humo ndani kuna joto na hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini. Akaenda tena, na tena, mwisho akawa na picha anazozijua kama majirani. Anasema ndiyo sababu leo anataka picha ya kweli ukutani na si bango la dawa ya mswaki. Nilipomsikia nikawaza: sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Wangapi kati yao wameshawahi kukaa na picha kwa sababu tu nje kuna jua kali au mvua? Tuna Makumbusho ya Taifa pale mjini, ya tangu 1940, na Kijiji cha Makumbusho tangu 1967. Ni kazi ya serikali kuu na ni kazi nzuri. Tuna Nafasi Art Space kule Mikocheni tangu 2008, wasanii wamejipanga kwenye makontena, mambo ya vijana na majaribio. Nendeni, nami nimewafungia fremu kadhaa za maumbo ambayo sijawahi kuyaona maishani. Mwenge kuna vinyago. Lakini lile la mtaa kuwa na ukuta wake wa picha, mtu wa Tandale au Buguruni akapita akarudi bila kuulizwa, kwa kiasi kikubwa wachoraji wa Morogoro Stores ndio wanaolifanya. Unaweza kuzunguka pale, ukatazama, ukapiga soga, ukaondoka mikono mitupu. Hakuna aliyeninunia.

Nisije nikaonekana nimelipwa. Lipo la kulalamikia, nalo ni twiga. Twiga ni wengi mno. Kuna ukuta ambao ukiutazama unaapa Mikumi wamebaki swala peke yao, twiga wote wamehamia Oysterbay. Kuna Kilimanjaro na jua linazama, kuna Wamasai wembamba wamesimama mstari, kuna wale wanyama watano wa watalii katika kila mpangilio unaowezekana. Najua sababu. Mgeni ana siku mbili mjini na nafasi ndogo kwenye begi, anataka kitu kitakachosema "Afrika" sebuleni kwake, na mchoraji ana watoto wa kulipia ada. Siwezi kumlaumu mtu kwa kuuza kinachonunuliwa. Mimi mwenyewe nafunga fremu za vyeti vya chuo kuliko kitu kingine chochote, na vyeti vyote vinafanana. Ila mnunuzi wa Dar, tafadhali, usiishie ukuta wa kwanza. Pita mpaka ndani, inama, funua zilizorundikwa. Huko ndiko ziliko wodi, masoko, harusi, vikao vya pombe, mganga na mteja wake, daladala imejaa hadi mlangoni. Mohamed Charinda aliisukuma Tingatinga upande huo wa visa na masimulizi. Marehemu David Mzuguno yeye aliipeleka msituni, majani juu ya majani, ndege ndani ya majani, hadi hupati pa kuweka kidole. Hao nao ni Tingatinga, na hawana haja ya twiga.

Mwisho nikaangukia samaki. Kubwa, kama futi tatu kwa nne, nyuma bluu inayoingia kijani, samaki wa kila rangi wanaogelea kila upande, pweza mmoja chini kabisa, papa hakuna. Hilo la papa nililihakikisha mara mbili. Mwenyewe alikuwepo, mtu wa makamo, mpole, akanitajia bei, nikamtajia ya kwangu, tukakutana njiani kama watu wazima. Bei sitaitaja, kwa sababu kila picha ina yake: ukubwa, mkono wa mchoraji, na madoa ni mengi kiasi gani, maana doa ni muda. Ila laki mbili na nusu ya daktari ilirudi na chenji. Na zipo ndogo za kutosha kwenye bahasha, ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anazimudu kuliko anavyonunua yale maua ya plastiki.

Nilipomwambia yule mchoraji kwamba fremu nitaifunga mimi, akabadilika kabisa. Akaigeuza picha mwenyewe kabla sijaomba.

"Fundi, angalia hapa. Nimepaka rangi ya chini mara mbili. Haijapenya."

"Nimeona."

"Ila nakuomba usiivute leo. Juu imekauka, ndani bado. Ukiibana pembe sasa hivi, pweza atapasuka."

Mchoraji anayejua kinachotokea kwenye karakana ya mwenzake namheshimu. Nimewahi kuletewa picha kutoka duka moja la zawadi katikati ya mji, mteja katoa hela ya maana, na nilipoigusa tu kwa kidole rangi ikanyanyuka kama ganda la kitunguu. Kitambaa kilikuwa kikavu, hakikupakwa chochote chini. Muuzaji alimwambia ni Tingatinga ya asili. Hakujua hata jina la aliyechora.

Kwa hiyo mkienda kununua, popote pale, igeuzeni. Tazameni mgongo. Pitisheni kidole taratibu pembeni, si katikati, mwenyewe asije akawafukuza. Ikinata, bado mbichi, nayo si kosa, ni suala la kungoja. Mkilazimika kuiviringisha, rangi iwe upande wa nje. Najua inaonekana kinyume, watu huficha picha ndani wakidhani wanailinda, lakini rangi ikikunjiwa ndani inabanwa, inajikunja na kuvunjika. Ikiwa nje inatanuka kidogo tu, na ukiikunjua inarudi mahali pake. Viringisha kwa upana, kwenye bomba nene, si kama sigara. Gazeti usiliweke moja kwa moja juu ya rangi, wino unahama.

Na kioo hapana. Watu wanabishana nami sana hapa. Picha ya rangi ya mafuta haihitaji kioo. Ukikigandamiza juu yake kwenye joto letu hili la Februari, vitu viwili vitashikana na kuvitenganisha ni kuipoteza picha. Kioo ni cha vyeti na picha za karatasi. Tingatinga inataka fremu ya mbao tu, mninga kama una uwezo, mkongo pia ni mzuri. Paini ni rahisi ila mchwa wanaujua utamu wake. Nyuma, kwenye kona za chini, weka vipande vidogo vya mpira ili picha isiguse ukuta, hewa ipite. Nyumba za Mikocheni na Msasani ukuta unatoa jasho masika nzima. Jua la saa kumi likiingia dirishani na kuangukia ukuta huo, tafuta ukuta mwingine. Nyekundu ndiyo inayokufa kwanza.

Kuna wanaoniambia bora kununua zilizochapwa kwa mashine, zile za duka la samani, zinakuja na fremu kabisa. Sawa, kila mtu na mfuko wake. Nilichogundua ni kwamba zile hazirudi kwangu. Ikichakaa inatupwa. Picha ya mkono inarudi baada ya miaka kumi na kitu, mbao zimeliwa, mwenyewe anataka fremu mpya, na anaponieleza aliinunua lini anataja na mchoraji: alikuwa na jeraha mguuni, alikuwa anapenda Yanga, alimpunguzia bei kwa sababu mkewe alikuwa mjamzito. Wiki iliyopita nimefungua moja ya namna hiyo, hardibodi ya mraba, ya zamani, ndege mmoja mweusi na mdomo mwekundu. Rangi ipo vile vile. Nilichobadilisha ni mbao na waya.

Nikiombwa nyota natoa nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya twiga, na nipo tayari kuitoa siku ukuta wa mbele ukitundikwa ile wodi yenye chumba cha meno. Kama bado haijauzwa, mtu aichukue, nitamfungia fremu kwa bei ya ndugu.

Mkienda, pimeni ukuta kabla ya kutoka nyumbani, kwa futikamba, si kwa mikono. Nendeni asubuhi, mwanga unaonyesha rangi ilivyo na wachoraji wapo kazini. Ulizeni jina la aliyechora na aliandike nyuma kwa kalamu. Na picha ikiwa mbichi, msiniletee siku hiyo hiyo. Iacheni imelala juu ya meza, uso juu, paka asipite, wiki mbili hivi. Mimi nafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa mchana nakuwa msikitini.